Upele wa bwenini hautibiwi mtoto mmoja mmoja

Mhariri,

Muhula huu pekee nimempokea mwanangu wa kidato cha tatu mara mbili hapa Kisumu, kila mara akijikuna vipele, akiwa na sanduku lake la bati na barua ileile kutoka shule yake ya bweni, upande wa Vihiga: ana tatizo la usafi, arudi akishapona. Neno hilo "usafi" ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mara ya kwanza, nakiri, nilikosea hata mimi. Jirani hapa Manyatta alisema ni maji ya ziwa, mwingine akasema ni aleji ya sabuni. Nikaingia duka la dawa nikauziwa tyubu ya krimu ileile anayouziwa kila mtu, awe na choa, chunusi au vipele vya kinyozi. Nyingi za krimu hizo zina steroidi. Hupooza mwasho siku chache, huku kilicho chini ya ngozi kikiendelea kuzaana. Ukiipaka kwenye choa, ule mduara hupotea na kuvu hutambaa, hata daktari akapata taabu kuutambua ugonjwa. Kwa mwanangu vipele vilitulia wikendi moja, kisha vikatoka mikononi vikafika kiunoni.

Kwenye zahanati, daktari hakuanza kwa kuandika. Alimshika mkono, akaugeuzia dirishani, akatanua vidole. Kando ya kidole cha shahada palikuwa na mstari mfupi wa kijivu, kama mtu aliyepitisha penseli. Hiyo ndiyo njia ya kidudu wa upele, ndugu wa utitiri wa kuku. Jike lake halifiki nusu milimita, na huchimba ngozi akitaga mayai. Kisha daktari akauliza swali ambalo muuza dawa hakuniuliza: "Usiku, nani mwingine anajikuna nyumbani?" Binti yangu mdogo akaficha mikono.

Anayeupata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na wakati huo wote anaambukiza wengine. Kwa hiyo tulipewa dawa sote, ile nyeupe kama maziwa inayochoma kama pilipili. Tulijipaka usiku mmoja, shingoni hadi nyayoni. Ya mdogo nikaizimua kwa maji kama nilivyoelekezwa. Blanketi la shule nikalifungia ndani ya lile sanduku la bati siku 5, kwa kuwa kidudu huyo akikosa ngozi ya mtu hufa baada ya siku chache. Mwasho ulibaki kama wiki 2 zaidi, na hapo ndipo wengi hudhani dawa imeshindwa.

Akapona, akarudi shuleni. Vitanda vya ghorofa vimebanana, sweta zinaazimwa, na usiku wa baridi wawili hulala blanketi moja. Mwenzake wa kitanda cha chini alikuwa akijikuna vilevile, ila yeye hakuonekana na mwalimu wa zamu. Safari hii mwasho ulirudi kwa siku chache tu, maana mwili ulishamjua adui. Barua ikaja tena. Usafi.

Mwanangu huoga mara mbili kwa siku. Upele hupita ngozi kwa ngozi na haujali nani ameoga. Waswahili husema upele humwota asiye na kucha, lakini mabwenini kucha zipo, na ndizo zinazochana ngozi hadi bakteria wakaingia na vidonda vikatunga usaha. Vikipuuzwa vinaweza kudhuru hata figo. Shirika la Afya Duniani liliutia upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, lakini shule zetu bado zinauchukulia kama kosa la nidhamu.

Nawaomba walimu wakuu wamwite afisa wa afya, bweni zima lipakwe dawa jioni moja, anayejikuna na asiyejikuna, pamoja na metroni. Matandiko yafuliwe kwa maji moto siku hiyohiyo, kisha dawa irudiwe kama afisa atakavyoelekeza. Wazazi tutachanga. Nauli niliyotumia kumpeleka na kumrudisha ingenunua chupa kadhaa.

Na lile neno litolewe kwenye barua.

Mzazi,
Manyatta, Kisumu