Redio mbili, anwani moja: kwa nini huipati redio ya upande wa pili

Jozi ya redio za Ubiquiti za airMAX, zile zinazounganisha duka na nyumba, hutoka kwenye boksi zote zikiwa na anwani ileile ya mtandao (IP): 192.168.1.20. Ukizipandisha mlingotini bila kubadilisha anwani hiyo, intaneti inaweza kupita vizuri tu, maana redio iliyo kwenye briji (hali ya kuwa daraja tu kati ya pande mbili) hupitisha data ya watu bila kujali anwani yake yenyewe. Ndiyo maana kosa hili hukaa kimya. Siku unapotaka kubadilisha chaneli, unaandika anwani hiyo kwenye kivinjari, mara inafunguka redio ya dukani, mara ya nyumbani, mara ukurasa unakatika katikati.

Zipange mezani, moja baada ya nyingine. Kwenye adapta ya umeme, tundu la PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya mtandao) ni la redio, la LAN ni la kompyuta. Usiyabadilishe, umeme wa PoE unaweza kuunguza tundu la mtandao la kompyuta. Zima Wi-Fi, ipe kompyuta 192.168.1.100 na maski (subnet mask) 255.255.255.0, kisha fungua 192.168.1.20.

Tuseme ruta yako ni 192.168.0.1 na inagawa anwani kuanzia 100 hadi 199. Redio ya dukani ipe 192.168.0.2, ya nyumbani 192.168.0.3, na getiwei, yaani njia ya kutokea, iwe ruta yenyewe, 192.168.0.1. Usiingie kwenye zile zinazogawiwa na ruta, la sivyo simu ya mgeni inaweza kupewa anwani ya redio yako. Kwenye matoleo ya zamani ya airOS, programu ya redio hizi, bonyeza Change, kisha Apply; kwenye airOS 8 ni Save Changes. Wengi huishia kwenye Change, wakizima redio kila kitu kimepotea. Ukishahifadhi, ukurasa utakwama. Redio haijafa, imehama. Ipe kompyuta 192.168.0.50 uifuate huko.

Kama tayari ziko juu na zimegongana, zima umeme wa ile ya mbali, badilisha ya karibu, kisha washa ya mbali. Kompyuta ikiendelea kung'ang'ania redio ya kwanza, futa kumbukumbu yake ya anwani (ARP) kwa amri ya arp -d. Lakini kama kila moja ina anwani yake na unabadilisha mipangilio ya mawimbi, kwa mfano jina la mtandao au nenosiri lake, anza na ya mbali. Ukianza na ya karibu utajikatia njia, na itabidi upande ngazi.

Umesahau anwani? Redio ikiwa na umeme, shikilia kitufe cha riseti kama sekunde 10. Itarudi 192.168.1.20, na mipangilio mingine yote itafutika. Andika anwani kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye adapta, si kwenye redio iliyo juu.