Mdogo wangu, watakuuliza umeolewa wapi

Mdogo wangu,

Mama amenidokezea kwamba unautaka udiwani 2027, na kwamba maneno yameshaanza: "Huyo ameolewa nje, akaombe kura kwa mumewe." Haya si mapya. Joyce Laboso aliambiwa hivyohivyo, tena alikuwa anatafuta ugavana wa Bomet.

Joyce alikuwa mhadhiri Chuo Kikuu cha Egerton, na uzamifu wake aliupata Hull, Uingereza. Aliyekuwa mwanasiasa ni dadake Lorna, mbunge wa Sotik na waziri msaidizi. Juni 2008 Lorna na waziri Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet, walikufa ndege ndogo ilipoanguka Narok. Septemba Joyce akawania kiti cha dadake kwa tiketi ya chama cha ODM, akakitwaa. Siku hiyohiyo Bomet wakamchagua Beatrice, mjane wa Kones. Unaweza kusema zilikuwa kura za rambirambi. Sawa, lakini rambirambi haimrudishi mtu bungeni 2013, wala haimfanyi mwanamke wa kwanza kuwa Naibu Spika wa Bunge la Taifa.

Alipoutaka ugavana wa Bomet 2017, ndipo ndoa yake ikageuzwa ajenda. Mumewe, Edwin Abonyo, ni Mjaluo, na Bomet ni kwa Wakipsigis. Wapinzani wakasema aende Nyanza akatafute kura huko. Wao wangeoa popote na hakuna ambaye angewauliza! Ila karatasi ya kura ilikuwa na jina la kwao, Laboso, na wapiga kura wakalichagua. Akamwangusha Isaac Ruto, gavana aliyekuwa kitini na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana. Yeye, Charity Ngilu na Anne Waiguru wakawa wanawake wa kwanza kuchaguliwa magavana, watatu kati ya 47. 2022 wakafika saba.

Saratani ilimchukua Julai 2019, hata miaka miwili hajamaliza. Bomet ilimlilia kama binti yake, kisha akazikwa Fort Ternan, kwa mumewe. Kumbe mtu anaweza kuwa wa huku na wa kule. Basi ukiulizwa barazani umeolewa wapi, taja mahali, taja na jina la mumeo, halafu rudi kwenye maji na zahanati. Ukijikanyaga hapo, wamekupata.

Tusidanganyane, lakini: 2017 Joyce aliwania kwa tiketi ya chama cha Jubilee, na mwaka ule tiketi hiyo katika Bonde la Ufa ilikuwa kama nusu ya ushindi. Kwa hiyo vita vyako vya kwanza ni mchujo wa chama, si uchaguzi wa Agosti. Huko ndiko wanawake wengi wanakomalizwa, na huko ndiko utakakoambiwa kwa upole, "Mwachie fulani, sisi tutakuteua." Usikubali. Orodha ya viti maalumu inaandikwa na chama, na jina lililoandikwa jioni linaweza kukosekana asubuhi. Tena diwani mteule hana wadi. Akisimama kudai barabara, wenzake wanamuuliza ni barabara ya wapi.

Fedha tutaongea kwa simu. Ninachokuomba uanze nacho sasa ni mawakala. Tafuta mtu wa kila kituo, asiyenunulika kwa chai, anayejua kwamba fomu ya matokeo ya diwani ni 36A na kwamba haondoki kituoni bila nakala yake. Binamu zetu wa bodaboda waache wapige kampeni. Kwenye kuhesabu kura weka walimu.