Mwanangu, orodha yako nimeipunguza

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako nimezipata, na picha nimeziona, ile ya mbele na ile uliyojipiga kisogoni kwa msaada wa kioo. Nimeiona pia orodha ya vitu unavyotaka nikutumie hela ununue. Nimeipitia kalamu mkononi, vimebaki vitatu, na kimoja nimekiongeza mimi. Usinune kwanza, soma mpaka mwisho.

Nianze na neno ambalo wateja wangu wa saluni hawapendi kulisikia wakiwa wamekaa kwenye kiti. Unywele ukishatoka nje ya ngozi ya kichwa hauna uhai. Hauna damu, hauna mshipa, ndiyo maana ukikatwa huumii. Kitu kisicho na uhai hakiponi. Kwa hiyo kopo lolote linaloahidi kutibu nywele zilizokufa au kuzirudishia uhai linataka hela yako tu. Tunachoweza ni kuzilainisha, kufunika palipochubuka na kuzizuia zisikatike, mpaka urefu mpya uote na ule uliochoka uende na mkasi. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, na zenye mikunjo mingi mara nyingi pungufu kidogo. Hesabu mwenyewe: hizo ncha zinazogusa mabega ukizivuta zimekaa nje miaka 2 na zaidi. Zimepita kwenye kila chanuo, kila pasi ya nywele na kila rangi uliyojaribu tangu uondoke nyumbani.

Tena nywele za kujikunja zina shida yake hata kabla hujazigusa. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushuka kwa tabu, kwa sababu kila mkunjo huyachelewesha, na mengi hayafiki mwisho. Na pale unywele unapopinda ndipo ulipo dhaifu zaidi, ndipo unapokatikia. Mwenye nywele zilizonyooka anaweza kufanya ovyo mwaka mzima asione kitu. Wewe ukifanya ovyo mwezi mmoja, unaona.

Sasa ile rangi ya dhahabu. Sikugombezi, ilikupendeza. Lakini ujue ilipatikanaje: blichi ilifungua magamba yanayofunika unywele kwa nje, ikaingia ndani na kuvunjavunja weusi uliokuwamo, na sehemu ya protini ikaenda pamoja nao. Magamba hayakurudi kulala kama zamani. Ndiyo maana unalalamika kwamba zinanywa maji upesi, na zikikauka zinakwaruza vidole. Halafu juu ya hapo ukapitisha pasi. Joto likizidi nyuzi 200 hivi za Selsiasi protini yenyewe huanza kuharibika, na pasi ikipita kwenye nywele zenye unyevu, maji yaliyomo huchemka na kuacha viputo ndani ya unywele. Ule mlio wa "chwii" na ule mvuke unaopanda watu huona ni dalili kwamba kazi inakwenda vizuri. Ukiusikia, zima pasi. Kwa sasa nakuomba hiyo pasi uiazime rafiki yako asiye na haraka ya kuirudisha.

Kile kipimo cha kutia unywele kwenye glasi ya maji uone kama unaelea au unazama, eti ndipo ujue afya yake, achana nacho. Unywele wenye mafuta huelea, wenye hewa pembeni huelea, na haukuambii lolote la maana. Kipimo changu ni hiki. Ukichana, chukua nywele zilizobaki kwenye chanuo, zitandaze juu ya karatasi nyeupe au nguo ya rangi iliyokolea, kutegemea ni zile nyeusi za shinani au zile za dhahabu. Angalia moja moja. Ndefu yenye kijivimbe cheupe upande wa shina imetoka kwa wakati wake, na kichwa cha mtu hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku bila ubaya wowote. Fupi isiyo na kijivimbe imekatika. Kisha vuta taratibu unywele mmoja uliopo kichwani, uusogeze kwenye mwanga. Ukiona kidoti cheupe katikati ya urefu wake, hapo ndipo ulipofumuka, na ndipo utakapokatikia safari ijayo. Kwenye picha yako nimeviona vingi, hasa kisogoni. Vidoti hivyo ndivyo vya kuhesabu mwezi hadi mwezi. Kung'aa kusikudanganye.

Turudi kwenye orodha. Ile "keratini" ya kunyoosha nimeikata kwa wino mwekundu. Nyingi ya dawa hizo hutoa gesi ya fomaldehaidi zikipashwa moto, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilishaiweka gesi hiyo tangu 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisi wa saluni tunaijua kwa macho kuwasha na koo kukaba kabla hujamaliza nusu ya kichwa. Vidonge vya bayotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, nimevikata pia. Havimsaidii asiye na upungufu, upungufu wenyewe ni nadra, na vinaweza kupotosha majibu ya baadhi ya vipimo vya damu. Maski tatu za majina tofauti? Ni kondishena nzito hizo, zimetiwa kwenye kopo pana na kupandishwa bei.

Kondishena ndiyo nimeibakiza, na hapo ndipo nataka hela yako nyingi iende. Unywele ulioharibika hubeba chaji hasi, na kiini cha kondishena kina chaji chanya, kwa hiyo hunata zaidi palepale palipochubuka. Kazi hiyo inafanywa na ya bei ya chini sawasawa na ya bei ya juu. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Geuza chupa usome nyuma. Katika nchi nyingi viambato huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kwanza. Mwanzoni tafuta maji, kisha alkoholi ya setili au ya setearili (hizi ni za mafuta, hazikaushi, usizikimbie kwa jina), na jina refu lenye "trimonium" ndani yake. Ukiviona hivyo, umepata. Yale mafuta ya thamani yaliyochorwa mbele ya chupa mara nyingi utayakuta nyuma kabisa, baada ya manukato, yaani ni tone tu. Nunua chupa kubwa ya bei ndogo, uitumie bila kubana mkono. Ninaona wasichana wanaonunua kichupa cha gharama kisha wanapaka kiasi cha ukucha kwa kuogopa kitaisha, na nywele zinabaki vilevile.

Cha pili ni mafuta ya nazi, yale yasiyochanganywa. Kuna utafiti uliochapishwa 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, nzima na zilizoharibika. Sababu yake ni asidi ya lauriki iliyomo kwenye mafuta ya nazi, ambayo molekuli zake ni ndogo na zimenyooka, kwa hiyo hupenya ndani badala ya kubaki juu. Lakini wengi huyapaka wakati usio wake, baada ya kuosha, juu ya nywele kavu, wakidhani yanaleta unyevu. Mafuta hayana maji. Yapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kidogo, kuanzia katikati ya nywele mpaka nchani. Hapo yanazuia nywele zisivimbe kupita kiasi zikikutana na maji.

Siku ya kuosha, gawa kichwa mafungu manne na uyabane. Shampuu iguse ngozi ya kichwa tu, kwa ncha za vidole, na povu linaloteremka wakati wa kusuuza linatosha kwa urefu uliobaki. Sabuni ya kipande usitumie, ni kali kwa nywele za namna hiyo na huyasimamisha magamba. Mara moja kwa wiki inatosha, ila ukitoka jasho sana osha, ngozi chafu nayo ina mambo yake.

Kisha fungu moja moja, paka kondishena mpaka nywele ziteleze. Hapa usikimbilie chanuo. Ingiza vidole kwanza, utafute fundo, ulifungue kwa kulitanua pembeni badala ya kulivuta chini. Ukishapita na vidole ndipo uchukue lile chanuo la meno mapana nililokupa, uanzie nchani, sentimita chache, ukipanda taratibu kuelekea shinani, na mkono wa pili ukiwa umeshika nywele juu ya pale unapochana ili kichwa kisivutwe. Mlio wa kukatika unajulikana, "tik, tik". Ukiusikia, simama, ongeza kondishena. Nywele zilizoloa ni dhaifu kuliko zilizokauka, lakini za kwetu za kipilipili zikichanwa kavu hukatika zaidi, kwa hiyo utelezi ndio unaokuokoa. Kazi hii ni ndefu. Weka redio.

Suuza, lakini si mpaka zilie. Acha utelezi kidogo nchani. Hiyo ndiyo kondishena yako ya kubaki kichwani, hakuna haja ya kununua nyingine. Usizungushe taulo, kamua kwa mkono kisha ufunike na fulana ya zamani ya pamba. Zikiwa bado na unyevu, sokota mafungu manenemanene ya nyuzi mbili na uyaache yakauke hivyo. Ncha zikikukatalia kabisa, mafuta ya mgando kidogo mno, yaliyosuguliwa kwanza viganjani, yanafunika vizuri kuliko seramu uliyoandika. Ukitaka kuloweka nywele katikati ya wiki, changanya kondishena kidogo na maji kwenye chupa ya kupuliza, lakini utengeneze ya siku moja au mbili tu. Ikishazimuliwa, dawa ya kuzuia vijidudu iliyomo hupungua nguvu na chupa huanza kuharibika.

Mayai na magadi soda viache jikoni. Protini ya yai ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na magadi huyasimamisha magamba kama ile sabuni.

Cha tatu, kitambaa cha satini cha kulalia. Foronya ya pamba hukwaruza nywele usiku kucha unapojigeuza. Si lazima kiwe kipya, bitana ya gauni kuukuu inafaa ikiwa laini. Na mtindo wa kulinda nywele usiwe wa kuvuta. Ukitoka kusukwa na huwezi kupandisha nyusi, au umeona vipele vyeupe kando ya paji, fumua siku hiyohiyo, hata kama umelipia. Kingo zikivutwa mara kwa mara kwa miaka, mashina hufa na nywele hazirudi tena, na hilo mimi mama yako siwezi kulitengeneza. Ukiona kipara kinatokea mahali, au kichwa kinawasha na kutoa maganda yasiyoisha, nenda kwa daktari, usije kwangu.

Nilichoongeza ni mkasi. Wa nywele, mkali, usikate nao kitu kingine hata uzi. Mkasi butu hukanyaga ncha na kuzichana upya. Ncha iliyochanika haisimami hapo ilipo; mpasuko hupanda juu, na usipoikata sentimita 2 leo itakula zaidi baadaye. Kila baada ya miezi miwili au mitatu punguza ile sehemu iliyokwaruza, fungu kwa fungu, nywele zikiwa kavu na zimejikunja zenyewe ili uone unachokata. Najua unapenda urefu. Basi usikate zote kwa mara moja, punguza dhahabu kidogo kidogo jinsi nyeusi inavyoota. Pale nyeusi inapokutana na dhahabu uwe na mkono mwepesi zaidi, nywele hupenda kukatikia mpakani hapo. Na dawa ya saluni ya kulainisha na kunyoosha (relaxa) usiikaribishe juu ya nywele zilizopigwa blichi, hata fundi akuapie.

Hela niliyotuma inatosha kondishena mbili kubwa, mafuta na mkasi. Satini unayo, ile bitana ya gauni la sherehe ulilolichana mwenyewe. Ukipita kununua nipigie picha ya nyuma ya chupa kabla hujalipa, niko saluni mpaka jioni.

Baba yako na wadogo zako wanakusalimu.

Ni mimi mama yako.