Usiyauze masufuria

Yokohama

Mpenzi Mwanaidi,

Salaam nyingi. Mimi na watoto hatujambo, ni baridi tu inayotuandama. Nimekaa kimya tangu Ramadhani, uniwie radhi. Ila jana Zuhura kanipigia, kasema unauza masufuria ya rangi na mihuri ya nta, vyombo vyako vya batiki. Usingizi ukaniruka.

Sikiliza. Mwezi uliopita nilikwenda Kawaguchiko, karibu na Mlima Fuji, kwenye makumbusho ya Itchiku Kubota, fundi wa kutia rangi kimono, yale majoho ya Kijapani. Mzee huyu akiwa na miaka 20 aliona Tokyo kipande cha kitambaa cha kale, cha ufundi uitwao tsujigahana: unashona, unafunga kwa uzi, unatia rangi, kisha unachora juu yake kwa wino. Ufundi huo ulikuwa umepotea karne nyingi. Vita vikamchukua, akawa mfungwa Siberia. Alianza kuutafuta akiwa amepita miaka 40, na maonyesho yake ya kwanza yakawa 1977, ana miaka 60! Wewe una 46, Mwanaidi.

Na hakuupata kama ulivyokuwa. Aliacha kuuiga, akatumia rangi za viwandani, akaupa jina lake. Kimono zimetundikwa mikono wazi, bega kwa bega, mandhari inatoka kwenye moja inaendelea kwenye ya pili. Alikusudia zifike 80, akafariki 2003 hazijatimia. Nikasogea karibu: vile vijikunjo vinavyobaki ukifungua uzi, ambavyo wewe huvipiga pasi kwa ajili ya wateja, yeye kaviacha! Nilisimama pale nikakukumbuka hadi machozi.

Najua utasema nguo isiyovaliwa si nguo. Nimelizungusha neno lako njia nzima ya kurudi. Kimono hukatwa kwa vipande vilivyonyooka, umbo lile lile kwa mnene na mwembamba, kwa hiyo jicho halina pa kwenda ila kwenye kitambaa. Kwangu mimi zile ni nguo bado. Na vijikunjo vile, Mwanaidi... usivipige pasi tena.

Masufuria yameshaondoka? Nani kayataka, na kwa bei gani? Ni kodi ya kibanda inayokubana, au mikono imechoka? Kama ni kodi, kwa nini hukuniambia? Na kile kitambaa cha buluu ulichokifunga baada ya msiba wa Mama, umekifungua? Ukikitundika ukutani kizima, bila kukikata magauni, kitaonekanaje?

Nijibu kabla ya Ijumaa, mume wa Zuhura anasafiri na nataka kumpa kitu akuletee.

Wako,
Rukia