Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kaunti ya Kisumu: mnunuzi wa maharagwe huhesabu makaa kwanza

Mheshimiwa Waziri,

Kila lishe inapotajwa, swali huwa ni lile lile: mkaazi wa mitaa kama Nyalenda au Kondele afanyiwe nini ili anunue maharagwe, ndengu, kunde na soya mara nyingi zaidi? Wengi hujibu kwamba afundishwe faida zake. Sisi tunaouza nafaka na kupika katika soko la Kibuye tunasema jibu liko jikoni.

Kilo ya maharagwe makavu ina takriban gramu 220 za protini, zaidi kidogo ya kilo ya nyama mbichi isiyo na mfupa, na bei yake iko chini kwa mbali. Hilo halihitaji bango. Isitoshe, mshindani wa maharagwe hapa si nyama, ni omena (dagaa wa ziwani) na mayai. Omena huiva kwa dakika chache. Maharagwe yasiyolowekwa hukaa motoni saa mbili na zaidi, na anayenunua makaa kwa mkebe hujumlisha mikebe hiyo kwenye bei ya gorogoro (mkebe wa kupimia nafaka) kabla hajatoa pesa.

Na hali ya hewa yetu humwongezea gharama. Maharagwe yakikaa miezi mingi kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, tena penye unyevu, punje hubadilika ndani: kile kinachoshikanisha chembe zake hukazana na hakilainiki kwa kuchemshwa. Mavuno ya Julai yaliyolala kwenye stoo ya bati hadi Mei yanayofuata yatamaliza makaa na bado yagonge meno. Rosekoko (maharagwe ya madoa mekundu) ya namna hii hujitambulisha kwa rangi, kwani weupe wake huwa umegeuka hudhurungi. Baya zaidi ni kuchanganya mapya na ya zamani kwenye gorogoro moja, maana nusu hupasuka na nusu hubaki mawe. Mnunuzi akipatikana hivyo mara moja, wiki nzima atarudi kwa omena.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kama kuna fedha za kuhamasisha, zianzie kwenye stoo za soko: paa lenye dari, matundu ya hewa, na mbao za kuinua magunia kutoka sakafuni. Mifuko isiyopitisha hewa huua fukusi, lakini ikiwekwa chini ya bati lenye joto haizuii punje kuwa ngumu. Unyevu hupimwa kwa urahisi. Tia chumvi kavu na maharagwe kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mzigo huo bado haujakauka. Tungependa pia kila gunia liandikwe msimu wa mavuno. Anayeuza mapya atadai bei nzuri, na anayeuza ya zamani atalazimika kupunguza bei.

Hata hivyo, kinachouza kuliko yote ni maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa. Kilo moja kavu hutoa takriban kilo mbili na nusu zilizoiva, na sufuria moja kubwa hula makaa machache kuliko majiko ishirini ya nyumbani. Wachemshaji watengewe sehemu yenye maji safi na kivuli. Waloweke saa 8 hadi 12 na kumwaga maji hayo, kwani sukari zinazojaza watu gesi huondoka nayo kwa sehemu (wanaokataa maharagwe kwa ajili ya tumbo ni wengi kuliko wanaokubali kusema). Maharagwe mekundu yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, maana sumu yake ya asili haifi kwa moto mdogo. Nyanya zisubiri punje zilainike, kwa kuwa uchachu wake huchelewesha kuiva. Magadi huharakisha, lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi chakula huwa na ladha ya sabuni. Kwa joto la Kisumu, yaliyoiva yauzwe ndani ya saa mbili au yakae yakitoa mvuke.

Soya ni kesi nyingine. Ina protini nyingi kuliko maharagwe, ndengu na kunde, karibu asilimia 36 hadi 40, ila hununuliwa mara moja tu, kwenye unga wa uji, kisha mtoto hukataa. Ile harufu ya majani mabichi hutokea punje inaposagwa mbichi ikakutana na maji. Ikitumbukizwa kwanza kwenye maji yanayotokota, ichemke dakika 20, ianikwe na kukaangwa kidogo, harufu hupotea, na pia kile kinachozuia tumbo kuyeyusha protini. Vinu vya sokoni vikatae kusaga soya mbichi kwa ajili ya uji. Vipande vya soya vya dukani navyo vilowekwe kwenye maji moto dakika 15 na kukamuliwa kabla ya kukaangwa. Wanaovitupa vikavu kwenye mchuzi ndio wanaosema vinafanana na sponji.

Mwisho, gorogoro. Mkebe uliogongwa kitako huiba kiganja kizima, na mnunuzi hukijua kiganja hicho. Usimamizi wa masoko uko mikononi mwa kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kwa hiyo tunaomba wakaguzi wa vipimo wapite Kibuye siku ya Jumapili, soko linapofurika, na si Jumanne asubuhi.

Wako,
Wauza nafaka na wapishi wa vibanda, Kibuye, Kisumu