Maofisi, tuwekeeni maneno chini ya picha

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi. Mi ni admini wa grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Ngamiani, Tanga, na sioni. Mtu mpya akishajua hilo swali lake ni lile lile, sasa we unaliendeshaje? Simu inanisomea. Android zina TalkBack, iPhone zina VoiceOver, zinakuja na simu yenyewe hununui kitu, unatelezesha kidole kulia inasoma kinachofuata, unagonga mara mbili inafungua, na mwenye matusi nagonga mara mbili nashikilia, namfuta. Tangu 2022 admini anaweza kufuta meseji ya mtu yeyote isionekane kwa wote, wauza dawa za nguvu za kiume wananijua.

Kazi ipo kwenye foleni ya meseji. Mwenye macho anatupia jicho mara moja anajua ipi ya maana, mi lazima zipite sikioni moja moja, "amin", "amin", "pole sana", "amin", ndo mana sauti nimeiongeza spidi mpaka nyumbani wanasema simu inaongea Kichina. Hapo bado mtu hajamwaga emoji za kucheka maana zinatajwa kwa majina yake, na wale wanaopamba maandishi kwa fonti za kukopi mtandaoni, simu inaziruka au inatapika herufi moja moja. Na nikiwa barabarani nasikilizia sikio moja tu, la pili ni la baiskeli, za hapa Tanga hazina muungurumo, unashtukia iko miguuni.

Hayo nayamudu. Kinachonikwaza ni picha. Jamaa wa samaki wa pale sokoni Deep Sea anarusha picha, chini anaandika "hii ndo imeingia sa hivi wahini", simu inasema "picha". Ya changu, kibua au pweza? Basi huyo ntampigia. Sasa matangazo ya maofisi nimpigie nani? Barua imeandikwa kwenye kompyuta, maandishi safi kabisa, inaprintiwa, inagongwa muhuri, inawekwa mezani inapigwa picha imelala upande, ndo inarushwa kwenye magrupu. Majuzi ofisi moja ya umma imefanya hivo hivo na mi admini ndo natakiwa niwahimize watu, kitu chenyewe sijui kinasemaje. Programu za kusoma maandishi kwenye picha zipo, Lookout ya Google, Seeing AI ya Microsoft, lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe utasomewa 8 kumbe ni 3, na tangazo tarehe jamani.

Mjumbe mmoja akashauri uadmini apewe "mwenye macho" ili mambo yaende haraka. Sina ugomvi nae, ila hajafikiria vizuri. Ukinitoa mi, yule mwenzangu asieona wa grupu la mtaa wa pili anasomewa na nani? Na wazee wenye mtoto wa jicho? Na wenye bando la kuunga unga ambao picha haifunguki lakini meseji ya maneno inaingia?

Maneno yale yale mliyochapa, yakopini mpesti chini ya picha, basi, muhuri ubaki kwa wanaotaka kuuona. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 21 inasema habari za umma zitufikie kwa namna tunayoweza kuitumia, kwa wakati na bila gharama ya ziada. Kupesti ni bure.

Na nyie pia Mhariri, kurasa mnazorusha asubuhi ni picha tupu. Barua hii mkiitoa naomba mtandaoni iwekwe kwa maneno, la sivyo itabidi niwaulize watu grupuni kama imetoka.

Admini asieona,
Ngamiani, Tanga