Pasaka njema kutoka Bagamoyo, kwa mtakaosali ugenini

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa ndugu zetu Waanglikana na Walutheri, Bwana Yesu asifiwe!

Masika yameanza kugonga mabati hapa Bagamoyo, kwenye misheni waliyoifungua Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 walipovuka kutoka Unguja. Salamu hizi ni zenu mtakaosali Pasaka ng'ambo mkiwa wawili: mtu na mkewe, mama na mwanawe, mgonjwa na anayemuuguza. Tunawaombea heri, na tunatamani ibada isiwapite kwa jambo dogo.

Jambo dogo lenyewe mara nyingi ni saa. Tangazo la mlangoni likiandika 10.30, hiyo ni saa nne na nusu asubuhi; 18.00 ni saa kumi na mbili jioni. Mzee aliyezoea saa za kwetu akisomewa "kumi na nusu" atajiandaa kwa alasiri, na Misa imekwisha zamani. Mwambieni kwa saa zetu, tena mwandikieni. Halafu Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, na Pasaka huweza kuangukia siku hiyohiyo: ilikuwa hivyo 31 Machi 2024, na 28 Machi 2027 itakuwa vivyo hivyo. Kule Ujerumani, saa nane usiku ikifika hurukishwa kuwa saa tisa. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya mkononi haijirekebishi, na anayeitegemea atachelewa saa nzima.

Mkienda Kesha la Pasaka kwa Wakatoliki, kuleni mapema. Kesha halianzi mpaka giza liingie, na masomo huweza kufika tisa. Moto hubarikiwa nje, kwa hiyo kitenge peke yake hakitoshi. Vaeni koti, na mzee atafutiwe kiti kabla watu hawajaingia. Mshumaa mtakaopewa una kikaratasi cha kukinga nta. Wakati wa kupokezana moto, mwenye mshumaa unaowaka aushike wima. Asiyewashiwa ndiye ainamishe wake. Mkifanya kinyume, nta ya moto inamwagikia mkono wa mwenzenu. Ikidondokea nguo msiifute ikiwa mbichi, inatanda. Iacheni ikauke, kwangueni, kisha pigeni pasi juu ya karatasi isiyo na maandishi mpaka iifyonze.

Kuhusu Komunyo, tafadhali zungumzeni kabla ya kutoka mnakolala, hasa ikiwa mmoja ni Mkatoliki na mwenzake si Mkatoliki. Kwenye foleni mtanong'onezana na kuumizana bure. Uingereza, asiyekomunika katika kanisa Katoliki hupanda na wenzake, hukunja mikono kifuani, padre akambariki. Kanisa la Anglikana la huko humkaribisha Mkristo aliyebatizwa na anayeshiriki meza ya Bwana kanisani kwake, ila Mkatoliki anabanwa na sheria ya kanisa lake mwenyewe. Mfungo wa saa moja kabla ya Komunyo hauvunjwi na maji wala dawa, na wazee na wagonjwa, pamoja na wanaowauguza, hawabanwi nao. Mwenye kisukari asijitese.

Wanaokwenda Athens au Addis Ababa, kwa Wakristo wa Kiorthodoksi, watazame kalenda ya huko kwanza. Mwaka 2025 Pasaka zote mbili, yetu na yao, ziliangukia 20 Aprili, lakini mwaka 2026 yetu ni tarehe 5 Aprili na ya Waorthodoksi tarehe 12. Atakayefika huko tarehe 5 atakuta Jumapili ya Matawi. Addis viatu huvuliwa mlangoni, na wanaume na wanawake husimama pande tofauti, basi kubalianeni mapema mtakapokutania mkitoka.

Mkimaliza ibada tupigieni simu, hata kama ni usiku. Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli, aleluya!